Fahamu Namna ya Kutaja Mahali kwa Usahihi kwa Anwani ya Makazi na Simu ya Mkononi

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mwananchi anapopiga namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kutoa taarifa ya moto, jambo ambalo askari aliyepokea simu hawezi kuendelea bila kulijua ni moja: moto uko wapi? Swali hilo, jepesi kulitamka, limekuwa gumu kulijibu katika miji na vijiji vingi. Jibu lililozoeleka huanza na jina la kituo cha daladala, hupita kwenye duka la dawa, hukata kushoto penye mwembe, kisha huishia na ahadi kwamba, "mkifika hapo nipigieni, nitakuja kuwapokea." Kwa mgeni wa harusi ahadi hiyo inatosha. Kwa gari la zimamoto, au kwa dereva aliyetumwa usiku kumfuata mama mjamzito aliyeanza kutokwa na damu, dakika zinazotumika kumtafuta huyo wa kupokea zinaweza kuwa ndizo dakika zilizokuwa zimebaki.

Maelekezo ya namna hiyo hayapaswi kubezwa. Ni lugha ya ujirani, na kati ya wanaofahamiana inafanya kazi. Majina kama Magomeni Mapipa, Tabata Relini, Kimara Mwisho na Mbezi kwa Msuguri yalizoeleka midomoni mwa watu, na kondakta akiyataja hakuna abiria anayepotea. Udhaifu hujitokeza pale anayeelekezwa anapokuwa si mwenyeji, au jina moja linapobebwa na maeneo mengi. Majengo iko Dodoma, iko Moshi, iko Mtwara na iko Songea. Aidha, mwembe hukatwa, duka la dawa huhamia ng'ambo ya barabara, na geti la bluu hupakwa rangi nyingine mwenye nyumba anapopata fedha.

Kwa miongo mingi anwani pekee iliyojazwa kwenye fomu na bahasha ilikuwa Sanduku la Posta. S.L.P. ilifanya kazi yake vizuri, lakini kazi hiyo ilikuwa kueleza barua ilale wapi, si mwenye barua analala wapi. Ukoo mzima, shule au hata wakazi wa kijiji kizima waliweza kutumia sanduku moja lililokuwa mjini, kilomita nyingi kutoka katika nyumba zao.

Anwani ya makazi

Pengo hilo ndilo lililokusudiwa kuzibwa na Operesheni ya Anwani za Makazi, iliyozinduliwa jijini Dodoma tarehe 8 Februari, 2022 na Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan. Utekelezaji wake uliendeshwa kwa kasi ili kwenda sambamba na Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika kuanzia tarehe 23 Agosti, 2022, ambayo ilihesabu watu 61,741,120. Barabara na mitaa ambayo haikuwahi kuwa na jina la maandishi ilipewa majina, na nyumba zikapewa namba.

Anwani ya makazi ina sehemu kuu tatu: namba ya nyumba, jina la barabara au mtaa, na postikodi. Postikodi, ambayo licha ya jina lake haina uhusiano wowote na kodi, ni namba yenye tarakimu tano. Tarakimu ya kwanza hutaja kanda, ya pili mkoa, ya tatu wilaya, na mbili za mwisho hutaja kata. Kwa mfano, postikodi za Mkoa wa Dodoma huanza na 41. Mtu anayesoma tarakimu hizo tano tayari amefika kwenye kata. Jina la barabara humfikisha kwenye mtaa, na namba humfikisha mlangoni. Taarifa hizo zimehifadhiwa katika Mfumo wa Kidijitali wa Anwani za Makazi, ujulikanao kwa kifupi kama NaPA, ambao unapatikana pia kama programu ya simu janja.

Si nchi zote zilizofuata njia hii. Ghana, kwa mfano, ilizindua mfumo wa GhanaPostGPS mwaka 2017, ambao umeigawa nchi nzima katika miraba midogo ya mita 5 kwa mita 5 na kila mraba ukapewa msimbo wake. Njia ya Ghana ilikuwa ya haraka zaidi kwa sababu msimbo hauhitaji nguzo wala kibao. Njia iliyochaguliwa Tanzania ni ya gharama na jasho zaidi, lakini ina faida ambayo misimbo haina: mtu asiye na simu, au ambaye simu yake imezima, anaweza kusimama barabarani, akasoma kibao na kujua alipo. Ndiyo maana nguzo yenye jina la mtaa inapong'olewa na kuuzwa kama chuma chakavu, hasara haiishii kwenye bei ya chuma hicho.

Pale pasipo na nyumba

Anwani ya makazi, hata ikikamilika nchi nzima, hutaja jengo. Mambo mengi ya dharura hutokea pasipo na jengo. Basi linapoacha njia kati ya Gairo na Dodoma, hakuna namba ya nyumba ya kutaja. Mkulima anayeumwa na nyoka shambani, mvuvi ambaye injini ya mtumbwi wake imezimika ziwani, kisima kilichochafuliwa, waya wa umeme uliodondoka porini: haya yote yako mahali, lakini hayako kwenye anwani. Hapo ndipo zinapohitajika nyenzo za kutaja nukta yenyewe juu ya uso wa ardhi, na habari njema ni kwamba simu janja nyingi zilizopo mikononi mwa wananchi zinazo tayari.

Msingi wa nyenzo hizo ni setilaiti. Mfumo unaojulikana zaidi, GPS, unamilikiwa na Marekani, na setilaiti zake huzunguka dunia katika kimo cha takribani kilomita 20,200. Kila setilaiti hutangaza muda na mahali ilipo; simu hupokea matangazo ya setilaiti zisizopungua nne, hupima tofauti ndogo za muda kati yake, na kukokotoa mahali ilipo yenyewe. Hadi Mei 2000, Marekani ilikuwa ikiyavuruga kwa makusudi matangazo yanayotumiwa na raia, na kosa liliweza kufikia mita 100. Uvurugaji huo ulipoondolewa, usahihi uliongezeka, na leo simu ya kawaida iliyo chini ya anga wazi hukosea kwa takribani mita 5.

Jambo moja hapa halifahamiki kwa wengi, nalo lina uzito. Kupokea matangazo ya setilaiti hakuhitaji bando wala mnara wa mtandao. Kinachohitaji bando ni picha ya ramani inayoonekana kwenye kioo, na hata hiyo inaweza kupakuliwa mapema ikahifadhiwa kwenye simu. Kwa hiyo simu isiyo na salio, katikati ya pori, bado inaweza kumweleza mwenye nayo yuko wapi. Kumweleza mtu mwingine ndiko kunakohitaji mtandao, na kwa kazi hiyo sauti au ujumbe mfupi wa maneno hutosha.

Koodineti na makosa yake

Namna ya zamani zaidi ya kuandika nukta, na ambayo mifumo mingine yote hutegemea, ni koodineti, yaani latitudo na longitudo ambazo wengi walizisoma katika somo la Jiografia. Tuchukue nukta moja katikati ya Jiji la Dodoma: -6.17295, 35.74005. Namba ya kwanza ni latitudo, yaani umbali kutoka Ikweta. Ya pili ni longitudo, yaani umbali kutoka mstari unaopita Greenwich nchini Uingereza. Tarakimu tano baada ya nukta ya desimali hufikisha usahihi wa takribani mita 1. Zikibaki nne, usahihi hushuka hadi mita 11 hivi, na zikibaki mbili, kosa linaweza kuzidi kilomita nzima. Anayeandika "-6.17, 35.74" kwa kufupisha ametaja sehemu kubwa ya mji badala ya mlango mmoja.

Alama ya kutoa iliyo mbele ya namba ya kwanza huachwa na wengi wakidhani ni kistari cha kupamba. Tanzania yote iko kusini mwa Ikweta, hivyo latitudo ya mahali popote nchini lazima iwe hasi. Mtu akiandika 6.17295 badala ya -6.17295, nukta ya Dodoma huhama zaidi ya kilomita 1,300 kuelekea kaskazini na kuangukia kusini magharibi mwa Ethiopia. Akibadilisha mpangilio, longitudo ikatangulia na latitudo ikafuata, nukta hiyo hiyo huangukia katika Bahari ya Atlantiki, nje kidogo ya jiji la Tangier nchini Morocco. Ramani hailalamiki wala haitoi onyo. Humpeleka mtumiaji pale alipoandika. Hivyo basi, anayetuma koodineti na anayezipokea wote wana wajibu wa kuzitazama kwenye ramani kabla ya gari kuondoka.

Kuzipata si kazi. Katika programu ya Google Maps, kubonyeza na kushikilia kidole juu ya mahali kwenye ramani huweka alama nyekundu, na namba hizo huonekana. Kwenye simu za iPhone, programu ya dira huonesha koodineti chini ya kioo. Ugumu wa koodineti uko kwenye kuzitaja kwa mdomo: tarakimu kumi na zaidi, nukta mbili na alama ya hasi, zikisomwa na mtu mwenye hofu kwa mtu anayeandika haraka, ni mwaliko wa makosa.

Misimbo mifupi

Kwa ajili ya kupunguza ugumu huo, kampuni ya Google ilitoa mwaka 2014 mfumo uitwao Plus Codes. Mfumo huu hugeuza latitudo na longitudo kuwa msimbo mfupi wa herufi na tarakimu, wenye alama ya kujumlisha ndani yake. Nukta ya Dodoma iliyotajwa hapo juu huwa 6G5QRPGR+R2, na hutaja mraba wenye upana wa takribani mita 14 kila upande. Ikiongezwa herufi moja mwishoni, mraba hupungua hadi mita 3 hivi. Mfumo huu ni wa wazi: hautozwi ada, kanuni zake zimechapishwa, na kompyuta au simu inaweza kuukokotoa bila kuunganishwa na intaneti.

Msimbo huo haukupangwa kwa kubahatisha, na anayeuelewa anaweza kugundua kosa kwa macho tu. Herufi nne za mwanzo hutaja eneo la nyuzi 1 kwa nyuzi 1, ambalo ni takribani kilomita 111 kila upande. Katikati ya Dodoma ni 6G5Q. Maeneo mengi ya Dar es Salaam ni 6G5X. Mwanza mjini ni 6G9J. Kwa kuwa majirani hushiriki herufi za mwanzo, sehemu hiyo inaweza kuachwa na badala yake kutajwa jina la mji: "RPGR+R2, Dodoma." Kilichobaki ni herufi sita tu, ambazo zinaweza kuandikwa kwa chaki juu ya mlango au kukaririwa na mtoto wa darasa la nne.

Waliobuni mfumo huu waliondoa pia irabu zote, ili misimbo isiunde maneno, pamoja na tarakimu 0 na 1 ambazo huchanganywa na herufi O na I. Herufi N haimo, hivyo hakuna wa kuichanganya na M. B haimo, hivyo P iko salama. Hata hivyo, Q na X hazimo katika alfabeti ya Kiswahili, na mtu anayeandikiwa msimbo kwa simu anaweza kusita. Njia rahisi ni kuambatanisha kila herufi na jina la mahali: G ya Geita, R ya Rufiji, P ya Pemba, V ya Vingunguti. Kwa Q na X itabidi msemaji avumilie kurudia mara mbili.

Upo pia mfumo wa kampuni ya what3words ya London, iliyoanzishwa mwaka 2013, ambao umeigawa dunia katika miraba ipatayo trilioni 57 ya mita 3 kwa mita 3 na kuupa kila mraba maneno matatu ya kawaida. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zake, na maneno ya Kiswahili ya mraba fulani si tafsiri ya maneno ya Kiingereza ya mraba huo. Kila lugha ina orodha yake. Posta ya Mongolia, nchi yenye wafugaji wengi wanaohamahama, iliukubali mfumo huu mwaka 2016, na vikosi vingi vya uokoaji nchini Uingereza huutumia.

Uzuri wa maneno matatu ni kwamba hukaa kichwani. Udhaifu wake ni kwamba hayana mantiki inayoonekana: miraba miwili iliyo bega kwa bega haina neno lolote la kufanana, na mpangilio wa maneno ukibadilika mahali hubadilika kabisa. Mwaka 2021 chombo kinachounganisha vikosi vya uokoaji wa milimani vya England na Wales kilieleza wasiwasi wake baada ya kupokea mara kadhaa maneno yaliyosikika au kuandikwa vibaya, na yakaelekeza mahali pasipo sahihi. Kwa lugha kama Kiswahili, ambamo tofauti ya "kata" na "kaa" au "pera" na "pela" inaweza kupotea kwenye simu yenye mikwaruzo, tahadhari hiyo si ya kupuuzwa. Aidha, mfumo huo ni mali ya kampuni binafsi. Hauwezi kukokotolewa na yeyote bila programu yake.

Ikilinganishwa mifumo hiyo mitatu, Plus Codes ndiyo inayofaa zaidi kwa matumizi ya kila siku ya mwananchi, kwa kuwa haina malipo, hujitokeza yenyewe kwenye ramani ambayo wengi tayari wanayo, na kosa lake huonekana mapema. Koodineti zinabaki kuwa lugha ambayo kila chombo duniani huielewa, kuanzia rubani hadi mpima ardhi.

Kuna njia ya nne, ambayo ndiyo iliyoenea kuliko zote: kutuma "lokesheni" kwa WhatsApp. Ni rahisi na ya haraka, mradi pande zote mbili ziwe na simu janja na bando. Kosa la kawaida ni mtu kutuma mahali alipo yeye badala ya mahali anapotakiwa mgeni kufika. Aliyeko kazini hutuma lokesheni ya ofisi akidhani anaelekeza nyumbani. Kosa jingine ni kutuma haraka mno. Simu ikiwa ndani ya nyumba ya zege au ndiyo kwanza imewashwa, hukisia kwanza mahali kwa kutumia minara ya mtandao, na kisio hilo linaweza kukosea kwa mamia ya mita. Duara la bluu linalozunguka alama kwenye ramani ndilo kipimo cha uhakika wa simu yenyewe: likiwa pana, simu bado inabahatisha. Kutoka nje na kusubiri dakika moja hadi mbili hulipunguza.

Nukta huandaliwa mapema

Kati ya yote yaliyoelezwa, lililo muhimu zaidi kwa mwananchi wa kawaida ni kwamba nukta ya nyumba haibadiliki. Ikipatikana mara moja, imepatikana. Hakuna sababu ya kuitafuta kwa mara ya kwanza usiku wa manane huku moshi ukiingia chumbani.

Hili lina maana kubwa kwa kaya zisizo na simu janja, ambazo mara nyingi hudhani kuwa teknolojia hii haiwahusu. Jirani, mwalimu au kijana wa bodaboda mwenye simu janja anaweza kusimama mbele ya mlango wao mara moja, akasoma msimbo na koodineti, na kuziandika. Kuanzia hapo, simu ya kitochi inatosha kuzitaja. Kaya yenye mama mjamzito ina sababu ya kufanya hivyo kabla ya miezi ya mwisho. Mfumo wa m-mama, unaopokea simu bila malipo kupitia namba 115, huratibu usafiri wa dharura wa wajawazito, waliotoka kujifungua na watoto wachanga, na hutumia magari ya wagonjwa pamoja na madereva wa jamii. Dereva wa jamii anayetoka kitongoji cha jirani anaweza kuijua njia kuu ya kijiji na bado asiujue ujia unaoelekea kwenye nyumba ya tatu nyuma ya shamba la mihogo.

Karatasi inayobandikwa ukutani inafaa iwe na anwani ya makazi kamili pamoja na postikodi, jina la kitongoji au mtaa, msimbo au koodineti, na maelezo mafupi ya kawaida: njia ipi hupitika na gari wakati wa mvua, geti liko upande gani, nani apigiwe. Maelezo hayo ya mwisho yanahitajika kwa sababu nukta hutaja mahali, haitaji njia. Ramani inaweza kumwongoza dereva hadi ukingo wa korongo ambalo nyumba inayotafutwa inaonekana ng'ambo yake. Vilevile nukta haina kimo. Katika jengo la ghorofa la Kariakoo, duka la chini na chumba cha ghorofa ya nane vina msimbo uleule, hivyo namba ya ghorofa na ya chumba lazima zitajwe.

Mpigaji simu ya dharura, iwe 112 ya Polisi, 114 ya Zimamoto au 115, anashauriwa kuanza na yale ambayo kila mpokeaji anayaelewa: mkoa, wilaya, kata, mtaa au kijiji. Msimbo ufuate baadaye, na mpokeaji aombwe kuurudia kwa sauti. Kwa ajali ya barabarani, hata kama simu imetoa koodineti, ni vyema kutaja pia barabara na gari lilikuwa likitoka wapi kwenda wapi, kwa kuwa taarifa hiyo huamua kikosi kipi kiko karibu.

Mipaka ya matumizi

Zipo kazi ambazo nyenzo hizi haziwezi kuzifanya, na mojawapo huzua migogoro. Namba iliyobandikwa kwenye nyumba, taarifa zilizomo katika NaPA au nukta iliyochukuliwa kwa simu si uthibitisho wa umiliki wa ardhi. Anwani hueleza jengo liko wapi. Hati miliki hueleza ardhi ni ya nani. Simu inayokosea kwa mita 5 haiwezi kuamua ugomvi wa mpaka wa nusu mita kati ya majirani wawili, na picha ya kioo cha simu yenye alama nyekundu haichukui nafasi ya mawe ya mpaka yaliyowekwa na mpima ardhi aliyesajiliwa. Wapo wanaonunua viwanja kwa kuoneshwa nukta kwenye ramani peke yake. Hao hujiweka katika hatari ya kununua kiwanja cha mtu mwingine.

Suala jingine ni faragha. Nukta ya mahali anapolala mtu ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya Mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inazibana taasisi na kampuni zinazokusanya taarifa za watu. Sheria hiyo, hata hivyo, haiwezi kumrudishia mtu kile alichokitangaza mwenyewe. Lokesheni ya moja kwa moja ya WhatsApp huweza kuwashwa kwa dakika 15, saa 1 au saa 8, na anayechagua saa 8 ili apokelewe stendi atakuwa anafuatiliwa hadi usiku. Kwa biashara ya mtandaoni, muuzaji asiyefahamika anaweza kupewa mahali pa wazi pa kukutania, kama vile kituo cha mafuta au ofisi ya Posta, badala ya nukta ya nyumbani.

Mwananchi ambaye nyumba yake haijapewa namba, au ambaye taarifa zake katika NaPA hazilingani na hali halisi, kwa mfano jina la mtaa limekosewa au nyumba mpya imejengwa katika kiwanja kilichokuwa wazi, anapaswa kufika katika ofisi ya Serikali ya Mtaa au ya Kijiji anakoishi na kuonana na Mtendaji ili taarifa hizo zirekebishwe. Ni vyema aende na jina la barabara, namba za nyumba za majirani wa pande zote mbili, na koodineti zilizochukuliwa mbele ya mlango. Kwa upande wa Zanzibar, mahali pa kuanzia ni kwa Sheha wa Shehia husika.